Mtetemo wa Kilomita Tisini

Jumatano, 5 Juni

Siku ya ishirini na nne ya ndoa. Nimeamka kabla yake, nikamtazama akilala kwa dakika kumi nzima. Anakunja ngumi na kuiweka chini ya shavu, kama mtoto aliyeficha pipi. Mke wangu! Bado nikilisema neno hilo peke yangu dukani, wateja wanageuka.

Nimefikia uamuzi. Mwanamke huyu hawezi kuendelea kupanda gari fupi.

Pikapu ni yake. Baba mkwe alimpa siku ya harusi, baada ya kuiendesha mwenyewe miaka tisa. Ni dereva mstaafu wa mabasi. Alimkabidhi binti yake ufunguo mbele ya wageni wote huku akinitazama mimi. Alisema gari hili halijawahi kulalamika, na siku litakapolalamika atakuja kulichukua. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mke wangu anafuga kuku mia tatu. Kila Jumanne na Ijumaa anapeleka trei za mayai kwa mwokaji mikate mjini, kilomita sitini za barabara kuu. Bila pikapu hakuna mjini, na bila mjini hakuna kuku. Shida ni njia ya kutoka kwetu hadi kwenye lami. Ina mawe, na tumbo la gari linakwaruza. Kila linapokwaruza, yeye anafumba jicho moja. Siwezi kulistahimili jicho lile.

Kwa hiyo, zawadi ya mwezi mmoja wa ndoa: naiinua pikapu inchi tatu! Springi mpya, shokapu ndefu na vipande vyake vyote nimeshavipata, vimelala dukani nyuma ya majora ya vitambaa. Mimi ni fundi mapazia, mwaka wa nane huu. Mtu anayening'iniza pazia la mita sita lisipinde hata kidogo, atashindwa na springi nne?

Kesho anakwenda kumwona dada yake aliyejifungua, na atalala huko huko. Siku nzima bila yeye. Nitajizika kwenye kazi.

Alhamisi, 6 Juni

Imekwisha! Imesimama!

Nilianza saa moja asubuhi uani, jeki mbili na magogo manne. Springi za nyuma ziligoma, nikazibembeleza. Katikati ya tumbo la gari kuna chuma kirefu kinachotoka mbele kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Wanakiita propela. Kilikuwa kinanizuia, nikakitoa. Kikaachana vipande viwili mikononi mwangu, taratibu, kama watu waliokuwa wamechokana siku nyingi. Nimevisafisha vikang'aa, nikavirudisha. Kazi safi.

Saa kumi na moja akapita shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Anaendesha lori la maji na huniita Bwana Pazia tangu siku ya posa. Akaizunguka pikapu mara mbili, mikono nyuma. Akasema imekuwa kama mbuzi aliyevaa viatu vya bibi harusi. Akauliza nani kafanya. Nikamwambia mafundi, tena mabingwa, kutoka mjini.

Uongo wangu wa kwanza katika ndoa. Lakini nimeusema kwa kaka mtu, si kwa mke, na nimeusema kwa ajili ya mapenzi. Nadhani hauhesabiki.

Ijumaa, 7 Juni

Amerudi! Alipoiona pikapu aliweka kiganja mdomoni. Akauliza nani kafanya. Mafundi kutoka mjini, nikasema. (Sasa unahesabika.) Hakufikia kiti, nikambeba kumpandisha. Siku hii imeipita hata ile ya harusi, maana siku ile nilikuwa na viatu vya kubana.

Nilifunga duka nikamsindikiza na mayai. Juu ya mawe hatukukwaruza hata mara moja. Macho yake yote mawili wazi! Nilitaka kuimba. Tukaingia lami. Sitini, shwari. Sabini, shwari. Themanini, kitu kikaanza kunguruma chini ya makalio. Tisini, kiti kikatetemeka kama cherehani iliyokanyagwa na mtu mwenye hasira. Mke wangu alikuwa anasema analipenda gari, na kila neno likawa linatoka vipande vipande.

Kwa mwokaji, mayai kumi na saba yamepasuka. Mwokaji aliyapanga mezani yote kumi na saba, moja moja, kama ushahidi.

Mke wangu akauliza kama mafundi walisema lolote kuhusu mtetemo. Nikajibu gari limepata miguu mipya, linajizoeza kutembea. Akanitazama kidogo, akasema haya.

Tumerudi kwa mwendo wa sabini. Hakuna mtetemo hata chembe. Nilimweleza kuwa napenda kwenda polepole ili nipate muda wa kumtazama. Ni kweli pia! Nalala na moyo mweupe.

Jumamosi, 8 Juni

Moyo si mweupe tena. Baba mkwe amepiga simu. Anakuja Jumapili ya tarehe 16. Anataka kwenda kumwona dada yake ng'ambo ya mji, na ataendesha mwenyewe, ili alisikilize gari. Kalitumia neno hilo hilo, kusikiliza. Mke wangu alimwambia karibu sana baba, kisha akaniuliza mbona nimekaa chini.

Siku nane! Akisikia mtetemo ule ataondoka na ufunguo, na mke wangu atabaki na kuku mia tatu wanaotaga bila pa kupeleka.

Mbio kwa fundi matairi. Akayapima, akakuta tairi moja limepungukiwa na kipande cha risasi cha kulisawazisha. Nilimkumbatia. Akaweka risasi, nikaingia barabara kuu nikiwa naimba. Themanini, kunguruma. Tisini, cherehani. Nikarudi bila kuimba. Akahamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Tisini, cherehani ile ile, kiti kile kile.

Fundi akaniuliza kama usukani unatikisika. Hautikisiki, umetulia kama meza. Basi, akasema, kama usukani umetulia na kiti kinacheza, tatizo liko nyuma na wala si matairi, kamtafute mtu wa propela. Nikamshukuru. Kisha nikaamua hajui kazi yake. Propela niliisafisha mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kaja kula mchana. Mke wangu katuomba tumpeleke kituo cha mafuta akanunue gesi, akakaa katikati yetu kwenye kiti. Nilikuwa nimepanga nisizidi sabini. Shemeji akasema hata lori lake la maji linatupita. Nikasahau mpango. Tisini.

Alicheka mpaka akashika dashibodi. Akatangaza hukumu hapo hapo: gari limezidi urefu, lirudishwe chini kama baba alivyolitoa. Nikamwambia anaona wivu. Akasema anawaonea huruma kuku. Nikasema mtu anayebeba maji hana la kumfundisha anayebeba mayai. Nilijiona nimeshinda, mpaka nilipogundua kwamba mke wangu hajacheka.

Kurudisha chini, kamwe. Lile jicho lirudi? Kamwe!

Nimepata wazo lakini. Tatizo la mtetemo ni nini hasa? Ni kwamba mtu anausikia. Nami ni fundi wa kitu gani? Vitambaa. Mungu hakunipa kipaji hiki bure.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeshona tangu asubuhi. Mto wa kiti, sponji ya inchi nne, juu mahameli ya zambarau, marinda pembeni. Na kwa ajili ya mayai, bembea! Kitambaa kizito cha pazia la ukumbi, kamba nane, inaning'inia nyuma kwenye vyuma vya turubai. Mayai yatalala humo kama mabinti wa mfalme. Gari litetemeke litakavyo, wao hawatajua.

Mke wangu aliupapasa mto kwa muda mrefu. Akasema nimeshona vizuri sana. Akaniuliza tena, taratibu, kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikamwambia lipo. Kwamba nampenda.

Jumanne, 11 Juni

Siku mbaya. Naandika kifupi.

Mto ulimnyanyua hadi kichwa kikagusa paa, akaendesha shingo imelala upande kilomita zote sitini. Bembea, kwa upande wake, ilibembea. Kwenye kona ya daraja ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, ikagonga ubavu wa gari kwa nguvu zote za kitambaa kizito cha pazia la ukumbi. Trei nne. Halikubaki yai la kumwonyesha mtu.

Mwokaji alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Anamheshimu sana mke wangu, mayai yake ndiyo bora, lakini unga hausubiri. Ijumaa yakivunjika tena atachukua kwa mtu mwingine.

Njiani kurudi mke wangu hakulia. Tulipofika aliingia bandani, akasimama katikati ya kuku na ndoo tupu mkononi, akasahau alichoendea. Nilimwona kupitia wavu. Katika siku zangu zote thelathini za ndoa sijawahi kujichukia hivyo.

Jioni akasema: "Nipe namba ya wale mafundi wako wa mjini. Nitawapigia mwenyewe."

Nikamwambia namba imepotea.

Akasema: "Imepotea." Hakuuliza. Alirudia tu, kisha akaenda kufunga banda.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kwa mtu wa propela. Kumbe ni mama! Mwanamke mnene, ovaroli ya buluu, gereji yake iko nyuma ya ghala la saruji. Wote wanamwita Mama Difu, kwa zile gia za nyuma zinazozungushwa na propela. Nilimweleza kwamba gari lilifanyiwa kazi na mafundi bingwa. Akasema sawa mwanangu, panda tukawasikilize hao mabingwa.

Aliendesha yeye. Tisini, cherehani. Akatoa gia, akaliacha gari liteleze lenyewe, injini ikinong'ona tu. Mtetemo ukabaki pale pale. Akasema basi si injini. Akauliza habari za matairi, nikamweleza yalivyohamishwa na kiti kikaendelea kucheza. Basi si matairi. Akasema kati ya injini na matairi kinachozunguka ni kimoja tu. Alivyosema ilionekana rahisi hivi! Mimi nimehangaika nacho siku sita.

Tuliporudi gereji akaingia chini ya gari na taa. Akakaa huko muda. Sauti ikatoka chini ikiuliza nani aliitoa propela hii. Nikasema mafundi. Akasema fundi hawezi kuirudisha hivi hata akiwa amelewa. Nikaangalia viatu vyake vilivyotokeza, nikaona haina maana kuvidanganya viatu. Nikasema ni mimi.

"Hukuweka alama kabla ya kuitenganisha?"

"Niliweka, mama."

"Iko wapi?"

"Niliifuta."

Akajivuta akatoka chini ya gari. Ikabidi nieleze. Kitambaa chochote, kabla hujakikata, unakipiga alama kwa chaki ili upande huu ukutane na upande ule. Hata propela niliipiga, mistari miwili mizuri ya chaki ya buluu, kabla sijaivuta. Lakini fundi mapazia hamkabidhi mteja kazi yenye chaki. Ni aibu. Ndiyo maana nilipovisafisha vile vipande viwili nilivipiga brashi mpaka chaki yote ikatoka. Kisha ndipo nikaviunganisha.

Mama Difu alikaa juu ya tairi. Alicheka bila sauti, mabega tu, kwa muda mrefu, akajifuta macho na kitambaa cha grisi. Halafu akanionyesha. Propela ina masikio mbele na masikio nyuma, na lazima yalale mstari mmoja, yatazamane. Kati yake kuna meno ambayo kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine. Mimi niliingiza meno matatu pembeni. Sikio la mbele linatazama juu, la nyuma linatazama kwa jirani. Gari likienda polepole halina neno. Likienda kasi, kila sikio linavuta kwake.

Akaitoa, akaipanga, akairudisha. Nusu saa! Akapiga alama mbili za rangi nyeupe ya mafuta, akanishika mkono nilipoangalia kitambaa. Hii isifutwe.

Tukatoka. Themanini, kimya. Tisini, kimya. Mia, nikasikia saa yangu ya mkononi. Nilitoa machozi, sioni haya kuandika. Mama Difu akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia mama, nina mke.

Aliongeza kwamba springi nimezifunga vizuri, bolti zimekazwa kuliko za mafundi wengi anaowajua, na inchi tatu gari linazimudu. Halafu akasema kamwambie mkeo. Nikasema nitaona. Akarudia kwa sauti nyingine, nikasema ndiyo mama.

Ijumaa, 14 Juni

Sijamwambia. Juzi alikuwa amechoka, jana nilikuwa nimechoka mimi. Lakini leo! Trei kumi na mbili, kilomita sitini kwa tisini na tano, yai lililovunjika: hakuna! Mwokaji alitafuta. Akainua trei moja moja akachungulia chini yake, akamwagiza mke wangu aongeze trei mbili kuanzia Jumanne. Mke wangu alirudi kwenye gari akitembea kama anakanyaga wimbo.

Nimemwambia gari limekwisha kujizoeza. Akasema anaona.

Jumapili, 16 Juni

Baba mkwe kafika saa tatu, shati limenyooka, kofia yake ya udereva kichwani. Aliizunguka pikapu. Akapiga tairi moja teke dogo. Kuhusu urefu, alipopanda alisema tu "mh." Nilikaa katikati, mke wangu kushoto, baba mkwe kulia kwenye usukani, ufunguo unaning'inia mbele ya goti langu.

Themanini. Alizima redio. Tisini, akafunga kioo. Mia, akainamisha kichwa kidogo upande, kama daktari. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tangu kituo cha mafuta. Gari lilikuwa kimya kama chumba cha mgonjwa aliyepona.

Akauliza nani aliyeliinua. Nikafungua mdomo. Neno mafundi lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Mke wangu akaweka kiganja chake juu ya goti langu, akakiacha pale, bila kufinya.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Na nililiharibu. Likatetemeka, mayai yakavunjika, nikadanganya. Mama mmoja fundi ndiye aliyelitengeneza Jumatano."

Aliendesha kilomita nzima, kichwa bado kimeinama upande. Halafu akawasha taa ya pembeni, akasimama, akazima gari. Akatandika gazeti barabarani, akaingia chini na shati lake lililonyooka. Tukamsubiri, mimi na mke wangu, kama watu walio nje ya chumba cha upasuaji. Nikamnong'oneza naomba radhi. Akaninong'oneza kwamba alijua tangu Ijumaa ile ya kwanza. Foronya ya upande wangu ilikuwa na vidole vitano vya grisi.

"Nilikuwa nasubiri useme," akasema. "Nilidhani utasema siku ya mto."

Baba mkwe akatoka chini. Alikung'uta magoti, akatazama barabara huku na huku, akautoa ufunguo mfukoni. Nilimtazama mke wangu nikaona hapumui.

"Nilisema gari likilalamika nitalichukua," akasema. "Leo nimelisikiliza kilomita arobaini. Halijasema kitu." Akaweka ufunguo kwenye kiganja cha binti yake, akakifunga vidole kimoja kimoja. Kisha akanigeukia. "Lakini wewe mkwe, utaniahidi hapa. Hutagusa tena kitu chenye magurudumu."

Nikaahidi. Kwa mkono wa kulia, barabarani, malori yakipita! Naye akamwambia binti yake amalizie safari, akakaa upande wa dirisha, akaegemea ule mto wa zambarau. Kilomita kumi mbele alikuwa amelala, mdomo wazi. Miaka thelathini ya basi, mke wangu alisema, hajawahi kusinzia ndani ya gari lolote.

Ee ahueni! Nilitaka kumwamsha nimkumbatie.

Jumanne, 18 Juni

Siku ya thelathini na saba ya ndoa. Hakuna siri kati yetu tena, hewa yenyewe ndani ya nyumba imekuwa nyepesi. Asubuhi kaondoka na trei kumi na nne. Nilisimama njiani nikimpungia mkono mpaka vumbi likakaa. Juu ya mawe hakukwaruza!

Nimekwenda bandani kumtazamia mashine yake ya kutotolea vifaranga. Humo mna mayai mia na ishirini, yamebakiza siku nne. Inaunguruma kidogo. Si sana. Mtu wa kawaida asingesikia, lakini mimi siku hizi sikio langu limefunzwa. Feni ndiyo inayocheza, nina hakika kabisa, na sehemu ya kuishikia ingeinuliwa inchi moja tu, joto lingesambaa vizuri zaidi. Hebu fikiria uso wake!

Nimeikumbuka ahadi yangu. Ni ahadi nzito, niliitoa kwa baba mkwe, na nitaitunza mpaka kufa. Kitu chenye magurudumu sigusi.

Nimeikagua mashine pande zote nne, mpaka chini. Ina miguu.

Atarudi saa tisa. Kifuniko nimeshakitoa.